Mwanafunzi wa Kiingereza Katika Mji wa Moshi

Wageni waliokwenda London katika zama za Malkia Victoria walikuwa wa namna mbili. Walikuwapo walioalikwa, wakapokewa bandarini, wakatembezwa katika majumba ya fahari na usiku wakaketishwa karamuni. Miongoni mwao alikuwa Sayyid Barghash bin Said wa Zanzibar, aliyeuzuru mji huo mwaka 1875, na habari za safari yake zikaandikwa kwa Kiarabu zikawa kitabu. Na walikuwapo waliokwenda na sanduku lao, masurufu ya kuhesabu, na anwani ya nyumba ya kupanga. Mgeni wa kwanza huiona nchi kutoka ukumbini. Wa pili huiona kutoka jikoni. Aghalabu huyo wa pili ndiye arudiye na habari nzito, ijapokuwa hakuna ngoma inayopigwa siku ya kurudi kwake.

Katika wageni wa namna ya pili, yupo mmoja ambaye kisa chake kinastahili kusomwa na kila aliyewahi kuketi mbele ya kitabu cha Kiingereza akajiuliza: je, ninachokisoma ninakipenda kweli, au nimeambiwa nikipende? Mtu huyo alitoka kisiwani akaenda kisiwani. Jina lake ni Natsume Kinnosuke, ambaye ulimwengu wa fasihi unamjua kwa jina lake la utunzi, Soseki.

Alizaliwa mwaka 1867 katika mji wa Edo, ambao mwaka uliofuata ulipewa jina la Tokyo. Alikuwa mtoto wa mwisho wa wazazi waliokwisha kuzeeka, wakamtoa kwa walezi angali mchanga. Ujanani alisoma maandishi ya kale ya Kichina, ambayo kwa Mjapani wa siku hizo yalikuwa kama Kiarabu kwa mwanachuoni wa pwani: lugha ya elimu na ya adabu, iliyovuka bahari zamani hata ikawa ya nyumbani. Katika maandishi hayo ndimo alimojifunzia maana ya fasihi.

Lakini zama zilikuwa zimegeuka. Serikali mpya ya Meiji, iliyoshika hatamu mwaka 1868, ilikuwa imewaelekeza Wajapani kwenye elimu ya Ulaya, na Kiingereza kikawa mlango wa cheo na wa riziki. Kijana Natsume akaingia Chuo Kikuu cha Kifalme cha Tokyo kusoma fasihi ya Kiingereza, akahitimu mwaka 1893. Aliingia akidhani kwamba fasihi ni fasihi tu, na kwamba atakachokikuta kwa Waingereza kitakuwa ndugu wa kile alichokikuta kwa Wachina. Alipohitimu alihisi moyoni kwamba amedanganywa. Ujuzi wake wa Kichina na ujuzi wake wa Kiingereza ulikaribia kulingana, lakini mapenzi hayakulingana hata kidogo. Kile kilimwingia damuni, hiki kilibaki ulimini. Hakujua alaumu nini, lugha, waalimu, au nafsi yake. Akaenda kusomesha katika miji ya mbali, Matsuyama kisha Kumamoto, akiwa na shahada mkononi na shaka kifuani.

Mwaka 1900 Wizara ya Elimu ikamwamuru aende Uingereza kwa muda wa miaka miwili. Hakuomba. Na amri yenyewe ilitaja lugha ya Kiingereza, haikutaja fasihi, jambo lililomtia wasiwasi hata akaenda wizarani kuuliza mipaka yake. Masurufu aliyopewa yalikuwa yeni 1,800 kwa mwaka, yaani kiasi cha pauni 15 kwa mwezi. Nyumbani alimwacha mkewe Kyoko, ambaye alikuwa mja mzito, na binti yao mdogo.

Aliondoka Yokohama tarehe 8 Septemba 1900 kwa meli ya Kijerumani, akapita Hong Kong, Singapore, Colombo na Adeni, akavuka Mfereji wa Suez na kushukia Genoa. Kutoka huko alikwenda kwa treni hadi Paris, akayaona Maonyesho ya Dunia ya mwaka ule, na tarehe 28 Oktoba akaingia London. Siku ya pili yake alijikuta amebanwa na umati wa watu njiani asijue pa kutokea. Mji ulikuwa ukiwapokea askari wa kujitolea waliorejea kutoka vita vya Afrika Kusini dhidi ya Makaburu. Hivyo ndivyo dola ilivyojitambulisha kwake, kwa kelele za ushindi uliopatikana katika bara la watu wengine.

Siku chache baadaye alikwenda kuutazama mji wa Cambridge. Aliona upesi kwamba masurufu yake hayangetosha. Wanafunzi wa pale walikuwa vijana wa matajiri, na pesa walizotumia kwa mwaka zilikuwa mara mbili au zaidi ya zake. Tena waliishi maisha ya michezo, ziara na karamu, ambayo mtu wa miaka thelathini na mitatu, mwenye mke na wana, hakuyajia. Akarudi London. Akahudhuria kwa muda mfupi mihadhara ya Profesa W. P. Ker katika Chuo Kikuu cha London, kisha akaiacha, kwani aliona haimpi zaidi ya alichoweza kukipata vitabuni.

Akatafuta mwalimu wa faragha, naye akampata William James Craig, bwana mmoja kutoka Ireland aliyeishi karibu na Baker Street. Craig alikuwa mtaalamu wa Shakespeare aliyekwisha kuzihariri kazi zake zote katika juzuu moja. Alikuwa ameacha uprofesa huko Wales ili apate wasaa wa kuandika kamusi ya maneno ya Shakespeare. Lahaja yake ya Kiairishi ilimpa mwanafunzi taabu kubwa kuifuata. Miwani yake ilimpotea kila siku, na mtumishi wake, bibi mkongwe, aliitwa kwa ukelele aje aitafute. Wakati mwingine aliomba ada yake kabla ya siku, kwa kuwa alikuwa na haja ya fedha. Lakini alipofika kwenye shairi alibadilika, mwili ukamtetemeka kwa furaha ya maneno. Mwanafunzi aliona kwamba mtu huyu hasomi kwa ajili ya cheo. Craig alifariki mwaka 1906, na kamusi yake haikupata kuchapishwa. Soseki alimwandika mwaka 1909 kwa upole na kicheko, kama mtu aandikavyo juu ya mwalimu ambaye hakumfundisha mengi lakini alimwonyesha jambo moja kubwa.

Darasa kubwa zaidi lilikuwa katika nyumba za kupanga. Kwa miaka miwili alihama mara nne, akakaa katika nyumba tano: Gower Street, kisha West Hampstead, Camberwell, Tooting, na mwisho Clapham. Kila alipohama alizidi kuijua jamii ambayo vitabu vya Tokyo havikumweleza. Camberwell alipanga katika nyumba iliyokuwa zamani shule ya wasichana, na biashara ilipoharibika, wenye nyumba wakahamia Tooting, naye akahama pamoja nao. Hapo aliona kwamba Mwingereza naye hufilisika, huhesabu makaa ya mawe ya jikoni, na huogopa wadai.

Aligundua pia kwamba Kiingereza si kimoja. Mtumishi wa nyumba alisema kwa lafudhi ya watu wa kawaida wa London, maneno yakimwagika kama maji ya mfereji, na msomi aliyehitimu chuo kikuu hakuambulia kitu. Ajabu zaidi, mabibi wa nyumba hiyo walikuwa wakimpima. Walimuuliza kama anajua maana ya neno la njia ya treni ipitayo chini ya ardhi, au la majani makavu ya ngano, maneno ambayo mtoto wa shule Japani angeyajua. Naye akiulizwa hayo alikuwa na vitabu vya karne nne za washairi wao juu ya meza. Mwenyeji wake mmoja, alipotoka kutazama mchezo wa Robinson Crusoe, alimuuliza yeye, mgeni, kama mambo yale yalitokea kweli au ni hadithi ya kutungwa. Tangu siku hizo hakuweza tena kuamini kwamba kila Mwingereza amezaliwa na fasihi yake kichwani.

Afya yake haikuupenda mji. Aliandika kwamba akitema mate London, hutoka weusi wa masizi. Siku moja njiani alimwona mtu mfupi, mwenye rangi isiyopendeza, akimjia. Kumbe ni yeye mwenyewe ndani ya kioo cha duka. Uso wake ulikuwa na makovu ya ndui tangu utotoni, na kati ya watu warefu waliovaa vizuri alijiona duni. Baadhi ya watu walimdhani Mchina. Wajapani wengi wa wakati huo, waliokuwa wameishinda China vitani mwaka 1895, walikasirika wakidhaniwa hivyo. Soseki aliandika katika shajara yake kwamba hawana haki ya kukasirika, kwani Wachina ni taifa lenye heshima kuliko wao, na Japani imekula kwao kwa karne nyingi. Katika mji uliomdhalilisha, hakutafuta mtu mwingine wa kumdhalilisha ili apate nafuu.

Tarehe 22 Januari 1901 Malkia Victoria alifariki. Soseki alinunua glavu nyeusi kama walivyofanya wengine, na tarehe 2 Februari akaenda Hyde Park kutazama jeneza likipita. Umati ulikuwa mkubwa naye hakuona kitu, hata mwenye nyumba wake akamwinua akamweka mabegani. Hivyo mwanafunzi wa Kijapani akayaona mazishi ya zama nzima akiwa juu ya mabega ya Mwingereza mpangishaji, na si kwa kadi ya mwaliko.

Alikuwa na rafiki nyumbani aliyengoja habari hizi kwa hamu. Huyo alikuwa Masaoka Shiki, mshairi aliyeifufua haiku, yaani shairi fupi la mizani 17 zilizogawika vipande vya 5, 7 na 5. Shiki alikuwa mgonjwa wa kifua kikuu kilichoingia uti wa mgongo, asiyeweza kuinuka kitandani. Katika mwaka 1901 Soseki alimwandikia barua ndefu za London, zenye dhihaka na michapo ya mabibi wa nyumba, nazo zikachapishwa katika jarida la washairi la *Hototogisu*. Zilimfurahisha mno mgonjwa. Mwezi Novemba mwaka huo Shiki akaandika kumwomba barua nyingine angali na macho ya kusoma, na akamwambia kuwa hadhani wataonana tena.

Soseki hakuandika. Wakati huo alikuwa amezama katika kazi iliyokaribia kummaliza. Katika masika ya 1901 alikaa naye Tooting kwa wiki kadhaa Mjapani mwenziwe, Ikeda Kikunae, mwanakemia ambaye mwaka 1908 alikuja kuigundua asili ya ile ladha iitwayo umami. Mazungumzo na mtu huyu wa sayansi yalimwamsha. Aliona kwamba mpaka hapo alikuwa akielea kama chombo kisicho nanga, akirudia hukumu za wahakiki wa Ulaya kana kwamba ni zake. Mhakiki wa Kiingereza akisema beti hizi ni tamu, Mjapani husema ni tamu, na ulimi wake haujaonja kitu. Akaazimia kuanza upya na swali lililo chini ya maswali yote: fasihi ni nini, na kwa nini binadamu huihitaji?

Akajifungia chumbani Clapham. Alinunua mamia ya vitabu kwa masurufu yale yale, hata mara nyingine akatafuna biskuti badala ya chakula cha mchana. Alisoma falsafa, elimu ya nafsi, elimu ya jamii, akiandika muhtasari kwa herufi ndogo sana, karatasi juu ya karatasi. Mwaka 1902 mapatano ya Japani na Uingereza yalipotiwa saini, wenziwe walishangilia. Yeye alimwandikia baba mkwe wake kwamba furaha ile inafanana na ya maskini aliyeoa kwa tajiri, akazunguka kijiji kizima akipiga ngoma.

Upweke ulimlemea. Uvumi ukafika wizarani Tokyo kwamba Natsume amerukwa na akili. Bibi mwenye nyumba alimhimiza ajifunze baiskeli ili apate hewa. Naye akaanguka mara nyingi, kisha akaandika kisa cha kujicheka. Katika vuli alialikwa Pitlochry, Uskoti, akapumzika katika bonde lenye miti iliyogeuka rangi, na hapo moyo ulitulia kidogo. Lakini tarehe 19 Septemba 1902 Shiki alikuwa amekwisha kufariki, akiwa na umri wa miaka 34, na habari zilimfikia Soseki mwishoni mwa Novemba, siku chache kabla ya kuondoka. Tarehe 5 Desemba akapanda meli. Miaka minne baadaye, alipoandika dibaji ya juzuu ya pili ya kitabu chake kilichompatia sifa, alikiri kwamba barua ile asiyoiandika bado ilimsumbua.

Baadaye alisema wazi kwamba miaka ile miwili ilikuwa michungu kuliko yote ya maisha yake. Kati ya mabwana wa Kiingereza alijifananisha na mbwa asiye na mwenyewe aliyeingia katika kundi la mbwa mwitu. Basi ungedhani alirudi na chuki tu. Haikuwa hivyo. Mwaka 1903 alipewa nafasi ya kusomesha fasihi ya Kiingereza katika chuo kikuu cha Tokyo, nafasi iliyoachwa na Lafcadio Hearn aliyependwa sana na wanafunzi. Mihadhara yake ya awali, iliyotoka katika zile karatasi za Clapham, iliwachosha. Lakini alipowasomesha Shakespeare ukumbi ulijaa. Mwaka 1905 akaandika juu ya Mnara wa London, aliouzuru mara moja tu, siku tatu baada ya kufika. Ndani ya insha hiyo wafungwa na malkia waliokatwa vichwa wanamtokea kama njozi. Kisha anarudi chumbani kwake na kuyasimulia, na mwenye nyumba anayaeleza yote kwa maneno makavu, mpaka njozi inafutika. Mwaka huo huo alianza kuchapisha riwaya ya paka anayewachungua binadamu wa nyumbani kwake. Mtu aliyeishi miaka miwili pembeni mwa meza za watu, akisikiliza asichoulizwa, alijua vema jinsi paka anavyoona.

*Nadharia ya Fasihi* ilitoka mwaka 1907, na mwaka huo akaacha chuo kikuu akawa mwandishi wa riwaya wa gazeti la *Asahi*. Mwaka 1911 wizara ilimpa udaktari wa heshima akaukataa. Mwaka 1914, miaka miwili kabla ya kufa kwake, aliwahutubia vijana wa shule ya mabwanyenye akawaeleza alichokipata London: kwamba mtu asimame juu ya nafsi yake katika kuhukumu, na kwamba uhuru huo haufai kitu kama hawapi wengine uhuru ule ule. Shairi la Kiingereza ni la Waingereza kwa kutungwa. Kwa kuonjwa, ni la kila mwenye ulimi. Asiyeonja mwenyewe, hata akilihifadhi lote, amebeba mzigo wa mtu.

Swali hili halikuwa geni kwetu. Mwaka 1963 Mwalimu Nyerere alipochapisha tafsiri yake ya *Julius Caesar*, Shakespeare yule yule aliyemtetemesha Craig alilazimika kupimwa kwa sikio la Kiswahili. Na kilipotoka *Kichomi* cha Euphrase Kezilahabi mwaka 1974, wapenzi wa vina na mizani na wapenzi wa mashairi huru waligombana kwa miaka mingi juu ya jambo moja: ni nani mwenye kipimo? Wengine walidhani kuishika arudhi ni kujifungia ndani, na wengine walidhani kuiacha ni kujitumikisha kwa wageni. Kisa cha Soseki hakiwapi ushindi hawa wala wale. Yeye alitunga haiku na mashairi ya kanuni za Kichina hadi mwisho wa uhai wake, akaandika na riwaya kwa mbinu nyingi za Ulaya. Alichokikataa si cha kale wala cha kigeni. Alikataa kusema kitu ni kitamu kabla hajakitia kinywani.

Nyumba ya Clapham, 81 The Chase, ingalipo. Mwaka 2002 ilipigiliwa kibao cha buluu, kama wafanyiwavyo watu wakubwa waliowahi kuishi London. Mji ambao haukumjua umelikubali jina lake, nalo ni jambo jema. Lakini mwanafunzi wa Kiingereza anayekisoma kisa hiki asikimbilie kibao. Na aikumbuke ile barua ambayo Shiki aliingoja. Elimu iliyotafutwa kwa mateso chumbani Clapham ilizaa matunda mengi, na bei yake ilikuwamo ndani yake: rafiki mgonjwa aliomba kurasa chache za kicheko kutoka ng'ambo, na mwenye kalamu alikuwa na shughuli.